Robhi Hataki Kunipaka Piko

Nyamisangura, Tarime

Dada yangu Anjelina,

Shikamoo, na mama mfikishie shikamoo yake kabla hujasoma mbele, maana ukishaanza kucheka utasahau. Goti lake linaendeleaje na baridi ya huko Njombe? Na wewe presha umeshakwenda kupima, au bado unamsikiliza jirani? Mimi ni mzima. Mvua zimeshika, ndizi zipo, zahanati imejaa wagonjwa kama kawaida, na ugali wao wa mtama na muhogo nimeuzoea mpaka nikila ule mweupe naona sijala.

Sasa lile ulilonituma. Ulisema nikija Desemba, yule mwalimu mstaafu aliyefiwa na mkewe atakuja kunywa chai hapo nyumbani, na kwamba umemwambia nina miaka arobaini na mbili. Dada, hiyo mingine umeitupa wapi? Ukaniambia nifunike mvi kwa piko nisikuaibishe. Sikubisha. Kila jioni nikirudi kazini nakuta chumba kama nilivyokiacha asubuhi, hata kikombe hakijasogea. Nikisema sitaki mtu wa kuzeeka naye nitakuwa nakudanganya. Kwa hiyo nilikwenda saluni kwa nia njema kabisa, na hapo ndipo nilipoanza kushuku watu.

Saluni iko ng'ambo ya barabara, mkabala na nyumba niliyopanga. Mwenyewe anaitwa Robhi, binti wa Kikurya kutoka Gorong'a, ana miaka ishirini na kitu, na akikukaribisha kiti utadhani anakugombeza. Alimkimbia mume aliyekuwa akimpiga, akabaki na mtoto wake wa kike, Bhoke, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kusema. Huyo Bhoke nilimtibu alipomwagikiwa uji wa moto mkononi, na tangu hapo akiniona anapanda mapajani bila kuuliza, anashika mvi zangu za mbele anazichezea.

Siku ya kwanza Robhi akaniambia, "Dawa imeisha, mama. Inatoka Sirari, bado haijaja." Nami naziona boksi zimepangwa rafuni nyuma yake.

"Na hizo?"

"Hizo za watu."

Siku ya pili akanipekua kichwa. "Ngozi yako ina vidonda. Nikipaka hapa itakuunguza, halafu utanilaumu mimi." Dada, mimi ni nesi. Nilirudi nyumbani nikajikagua kwa vioo viwili, sikuona hata chunusi. Mara iliyofuata akasema maji yamekatika, na ndoo imejaa pale mlangoni. Badala ya kunipaka akanisuka twende kilioni, mvi zote akazileta mbele zionekane, kisha akarudi hatua nyuma kuitazama kazi yake.

"Zimekupendeza kweli. Mtu akikuona anajua huyu ni mama mwenye nyumba yake."

Unanijua nilivyo. Kwanza nilimshuku nesi mwenzangu wa zahanati, yule aliyeniuliza mbele ya wagonjwa najipamba kwa ajili ya nani. Nikasema amempa Robhi maneno ili nije kwenu na kichwa cheupe. Wiki nzima sikumpa hata chumvi.

Halafu Jumapili moja natoka kanisani, nakuta mama mtu mzima amekaa kizingitini kwangu pamoja na Robhi, ana kibuyu cha maziwa ya mgando na jogoo amefungwa miguu.

"Huyu ni mama yangu," Robhi akasema. "Amekuja kukusalimia."

Kunisalimia mimi kwa lipi? Nikawakaribisha. Yule mama akanywa chai yangu huku macho yake yakiwa darini.

"Nyumba ni yako?"

"Nimepanga."

"Kwenu mnafuga?"

"Mama ana ng'ombe wawili wa maziwa."

"Wawili tu?" Akamtazama binti yake kwa huruma. "Na mwanaume je? Kuna mwanaume anakuja hapa?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna, mama."

Akafurahi waziwazi. Akaaga, akaniachia jogoo.

Dada, mtu anakuuliza mali yako, anakuuliza kama kuna mwanaume ndani, halafu anakuachia jogoo. Wewe ungefikiri nini? Nilibadili kufuli siku hiyo hiyo. Jogoo nilimla, ila kwanza nilimchunguza kama anaumwa. Maziwa nilimpa paka wa jirani, na paka hajambo mpaka leo. Bhoke naye alipokuja kunipandia mapajani nikamshusha, nikisema moyoni huenda huyu naye katumwa. Mtoto asiyejua hata kuvaa kandambili, dada.

Jumamosi iliyopita nikanunua piko yangu mwenyewe sokoni, nikaenda nayo saluni, nikaibwaga mezani.

"Leo dawa ipo, maji yapo, kichwa kizima. Nipake, au uniambie nani kakutuma."

Kulikuwa na mteja mmoja chini ya draya, na draya ile inavuma, hasikii kitu. Robhi akageuza ndoo akaikalia.

"Hakuna aliyenituma. Ni mama anakutaka."

"Ananitakia nini?"

"Unioe."

Hayo mambo nilishayasikia hapa, wanayaita nyumba ntobhu. Mwanamke asiye na mtoto, kama mimi, anatoa ng'ombe, anaoa binti, na watoto watakaozaliwa wanakuwa wa nyumba yake. Si mambo ya kitandani, ni mambo ya nyumba na jina. Lakini mimi nilidhani ni ya bibi za vijijini, sikudhani yatamfuata nesi wa Njombe akiwa na sare yake.

"Baba zangu wadogo watakuja kukuona," Robhi akaendelea. "Wakikuta kichwa cheusi watasema huyu bado anatafuta mume, ataleta mwanaume ndani, mimi na mtoto tutafukuzwa. Wakikuta mvi, wanatulia."

Nilicheka mpaka mteja akatoa kichwa kwenye draya. Kisha nikakasirika.

"Na kwa nini mimi, Robhi? Ni mshahara?"

"Mshahara pia. Kwani nikudanganye?" Hakuona haya hata kidogo. "Lakini siku ile Bhoke ameungua, kila niliyempelekea ananiuliza kwanza baba yake yuko wapi. Wewe uliuliza jina lake tu."

Nikamwambia mimi sioi, kwetu hakuna hayo, na kwetu kuna mtu ataningoja na chai. Nipake.

Akanipaka. Alinipaka mafuta pembeni ya masikio ili rangi isishike, akaitandaza kwa uangalifu, hakudondosha hata tone. Kisha akaniosha. Nilipojitazama kwenye kioo, dada, miaka arobaini na mbili kamili. Ungenisifu.

Bhoke alikuwa amelala nyuma ya pazia. Akaamka, akatoka anapikicha macho, nami nikamfungulia mikono. Akasimama. Akanitazama, akarudi nyuma, akajificha kwenye sketi ya mama yake. Nikamwita jina lake. Akachungulia, sauti anaijua, mtu hamjui. Akaja polepole, akanishika pale mbele anapopenda kushika, akakitazama kiganja chake, akaangua kilio. Nami nikalia. Mimi na Robhi hatukutazamana.

Bado namshuku Robhi. Namshuku na mama yake, na hao baba wadogo watakaokuja kukagua mabati ya nyumba ambayo si yangu. Lakini na huyo mwalimu wako nimeanza kumshuku. Kama anakuja kwa sababu ya kichwa cheusi, mvi zikirudi ataaga? Piko haikai. Kufika Desemba zitakuwa zimechomoza, na sitapaka tena. Mwambie umri wangu wa kweli kabla sijafika. Akija, karibu. Asipokuja, chai tutakunywa wenyewe.

Nisalimie shemeji, mumeo, na umwambie redio yangu asiifungue tena. Msalimie mjomba wa Makambako, na binti yako mkubwa aliye chuoni, asome. Mama mwambie namuwaza kila siku.

Hilo kufuli jipya lilikuwa na funguo mbili. Moja nimempa Robhi, nikichelewa kazini Bhoke asinyeshewe na mvua mlangoni. Sijaahidi kitu, usianze kutangaza. Ila jana jioni nilirudi, nikakuta kikombe changu hakipo mezani. Kilikuwa sakafuni, kina uji nusu.

Ni mimi mdogo wako wa damu,
Kristina