Wiki Mbili za Kijani

Jumatatu, 3 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mgongo wako unaendeleaje? Wangu umeninunia. Kwa heshima na taadhima napenda kuutangazia ukoo wetu kwamba ofisi ya takwimu za magonjwa imepata printa ya rangi. Watu wazima watano tulisimama kuitazama ikitema karatasi, na mmoja akapiga makofi. Simtaji, ana kipara na ni kaka yako.

Sasa ripoti yetu ina ramani: zahanati yenye wagonjwa wengi nyekundu, isiyo nao kijani. Utaipenda.

Kaka yako

Jumapili, 9 Machi

Kaka,

Shikamoo. Mgongo upo, nashukuru. Printa hongera, ipe pole kwa kazi inayoingoja.

Usinune, lakini ripoti yako ya mwisho ilinifikia baada ya miezi miwili, kurasa sitini na mbili. Imenifaa: iko chini ya mguu wa meza ya dawa, na meza haiyumbi tena. Kila Ijumaa nakuletea fomu ya wagonjwa wangu, lakini wangu nawajua! Nataka habari za jirani. Wakianza kuhara ng'ambo ya mto, nipigie simu siku hiyohiyo, niagize dripu mapema. Barua tuachie undugu. Huku zahanatini niko peke yangu na mama wa usafi.

Mdogo wako

Jumatano, 26 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Mbona kimya, au sasa umenuna wewe? Nimepigania ombi lako: mkuu wangu amekubali kurasa hamsini na nane. Usicheke, safari ni hatua.

Ng'ambo ya mto ni nyekundu, lakini kwako kijani kibichi wiki mbili mfululizo. Sifuri! Nilikusifu mkutanoni. Bila shaka umekaa kibarazani, miguu juu ya stuli, unawasubiri wagonjwa kama muuza mwavuli wakati wa kiangazi.

Kaka yako

Ijumaa, 11 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Uvumilie mwandiko, ndiyo kwanza naweza kushika kalamu.

Wagonjwa walianza kuletwa tarehe kumi na tatu Machi, kutoka ng'ambo ya mto, wamebebwa. Siku ya nne nilikuwa na wagonjwa thelathini na mmoja na dripu sita. Fomu sikujaza. Siku ya sita nikaanguka mwenyewe. Mama wa usafi alinilaza kitanda cha tatu, akaninywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko: "Kunywa, nesi! Si wewe unayetuhubiria kila siku?" Akapiga simu ghala la dawa kuomba dripu. Wakamjibu, "Kwenye ramani kwenu si kijani?" Zilikuja baada ya siku tano. Wagonjwa wawili hatukuwaokoa.

Barua yako nilisomewa nikiwa nimelala. Kaka, fomu sikuleta wiki mbili. Hiyo sifuri aliiandika nani?

Mdogo wako

Jumatatu, 14 Aprili

Mdogo wangu,

Pole. Pole sana. Barua yako niliianza nimesimama, nikaimaliza nimeketi.

Leo nimezipigia simu zahanati zote tisa ambazo fomu zao hazijafika. Nane ni uzembe tu wa kutuma. Ya tisa wanahara, na dripu zimeondoka saa sita. Ghala nimewaambia kimya si afya. Kesho nitamwambia mkuu, akipenda asipende.

Umeuliza nani. Ni mimi. Ijumaa ile nafasi yako ilikuwa tupu, na mkuu hapendi jedwali lenye matundu. Hakuniagiza; nilijiagiza. Nikasema moyoni, maskini, amepumzika, nikaandika sifuri. Wiki ya pili nikainakili ya kwanza. Na habari za ng'ambo ya mto nilizipata tarehe kumi na moja, siku mbili kabla ya mgonjwa wako wa kwanza. Ulikuwa umeniomba simu. Nikasubiri ripoti ikamilike, ipendeze.

Usiniambie si kitu. Ni watu wawili, na nusura uwe wa tatu. Simu ilikuwa mezani, karibu na mkono wangu wa kulia. Sikuiinua. Ndivyo ilivyokuwa.

Kaka yako