Mwache Mke Mwenzangu Aende Darasani

Nyumbani, chumba cha uani
Jumatano, mwezi wa tano

Mpendwa mume wangu, mjukuu niliyekulea,

Salamu kwanza. Hujambo huko kiwandani? Kifua kimeacha kubana? Na ule moshi wa kuchomelea vyuma, unafunika pua au bado unajifanya kidume? Sisi wazima. Goti langu linanisumbua, lakini hilo tumeshazoeana. Anayeniandikia ni fundi cherehani wa mlango wa pili. Nimemwambia asipambe, aandike ninavyosema.

Haya. Mke mwenzangu hajui kama nakuandikia. Wiki iliyopita ulimpigia simu ukamkataza kwenda darasa la yoga la wajawazito. Amekutii. Jumamosi alibaki ndani, na usingizi umemkimbia tena. Asubuhi namkuta kaketi kitandani vilevile nilivyomwacha.

Najua unaogopa nini. Mimba ya kwanza ilipotoka, wewe ndiye uliyembeba hadi hospitali. Sijasahau, wala yeye. Tangu aipate hii, akikohoa tu anashika tumbo. Hata kijiko kikianguka alikuwa ananiita mimi nikiokote, mimi mwenye goti hili.

Daktari wa kliniki alipompima akasema mwili hauna neno, aende darasani, nilikasirika kuliko wewe. Yule dada wa duka la dawa alikuwa kanionyesha kwenye simu mtu kasimama kwa kichwa, miguu juu kama meza iliyopinduliwa. Nikasema hiyo sarakasi. Nadhani na wewe umeona hiyohiyo. Basi siku yake ya kwanza darasani nikamfuata nikamtoe.

Mume wangu, hakuna aliyesimama kwa kichwa. Ni ukumbi mdogo nyuma ya zahanati, mikeka chini, mito kila mahali. Mwalimu ni mkunga. Kabla ya lolote anapita kwa kila mmoja: nani ana kizunguzungu, nani kavimba miguu, nani kaona damu. Mmoja kichwa kilikuwa kinamgonga, hakupewa zoezi, akapelekwa kupimwa presha. Wengine wananyoosha mgongo polepole, wanalegeza nyonga, wanalala ubavu, wanapumua. Hakuna kubana pumzi wala kusokota tumbo. Na mimi nikapewa kiti, nikaambiwa nipumue. Nikasinzia, wakanicheka.

Walipomaliza nikamkabili mkunga, nikamwuliza kama ananiahidi mtoto. Hakuzunguka.

"Bibi, mtoto siwezi kukuahidi. Ninachoweza ni kumfundisha mama yake asipigane na mwili wake uchungu ukianza."

Hapo akanimaliza. Angeniahidi, ningemtoa mke mwenzangu kwa mkono.

Tangu siku hiyo nikawa nampeleka mwenyewe, mto kwapani, majirani wanauliza kama tumefukuzwa nyumba. Mgongo ukamwachia, akaanza kulala. Siku moja wenzake wakieleza ya kwao, naye akasimulia ile mimba ya kwanza. Humu ndani hajawahi kuitaja. Alilia, akanawa uso, akarudi mkekani.

Fundi ananikumbusha kuwa suruali ya mazoezi ya mke mwenzangu kaishona yeye. Namkumbusha kuwa barua si yake.

Sasa sikia. Barua hii naituma kwa basi la leo, uipate mapema. Jumamosi hii tunakwenda. Nimeshaamua, na hapo sikuombi ruhusa. Ninachokuomba ni umpigie kabla hatujatoka, umwambie aende. Akienda kwa ubishi wangu atakwenda kakaza mabega, anapumua nusu. Akienda kwa neno lako, atapumua yote.

Mama yako anakusalimu, na shangazi yako, na mjomba kinyozi, anayesema usithubutu kunyolewa na mwingine. Mungu akulindie macho na mikono hiyo, uje umpakate mwanao.

Ni mimi nikupendaye,
Mke wako mkubwa, Bibi