Gari la Rajabu Limepata Muziki

Chanika, Dar es Salaam

Dada yangu Zuhura, shikamoo.

Goti lako linaendeleaje? Na shemeji, kile kikohozi kimeisha? Simu yako siipati, ndo maana nakuandikia. Mie mwili mzima, alhamdulillahi, ila nyumba imekuwa kubwa dada. Majirani huku bado wanajenga, nasikia nyundo tu kutwa, mtu wa kuongea naye sina.

Rajabu kapata kazi ya kupiga muziki wa gari kwenye maharusi huko Madale, na kahamia hukohuko. Tajiri wake wa kazi alimwambia aende gari likiwa tayari. Basi kanunua sabufa na amplifaya, ile mashine ya kukuza sauti, akasema anafunga mwenyewe hapa uani. Mie nikaogopa, maana gari la jirani liliwahi kuwaka moto kwa sababu ya waya.

"Mama, we kaa hapa uone," akanambia.

Kwanza akachomoa waya wa betri. Kisha akaweka fyuzi karibu kabisa na betri, ili nyaya zikigusana fyuzi ikatike kabla ya moto. Pale waya unapopita kwenye tundu la bati akauvisha mpira, usichunike. Na ule waya wa ethi, unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, alikwangua rangi mpaka bati likang'aa ndo akaufunga. Mie namshikia nyaya, namtilia chai, tunacheka. Siku nyingi sijakaa naye vile.

Alipotoka kwenda dukani nikaiona amplifaya iko uchi kwenye buti, na vumbi la huku usiniulize. Nikaifunika kitambaa changu cha kufuma, kama tunavyofunikaga redio. Karudi, kawasha, kazunguka mtaani, mara muziki kimya. Kufungua buti, inaunguza mkono!

"Mama! Hii inataka hewa, sio redio ya sebuleni." Kisha akaniangalia. "Au hutaki niende?"

"Astaghfirullah, Rajabu!"

Yeye akacheka. Mie sikuweza.

Ilipopoa ikawaka tena. Asubuhi yake akanikalisha kiti cha nyuma.

"Naongeza sauti kidogo kidogo. Ikianza kukwaruza sema, nirudishe chini, tusije tukaua spika."

Ikapanda, nikasema inakwaruza, akapunguza.

"Na sasa?"

Dada, ilikuwa safi kabisa. Nikajua nikisema bado, atafungua tena zile nyaya, atakula mchana hapa, atalala hapa. Neno lenyewe lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Mama, vipi?"

"Iko sawa, mwanangu."

Kafunga buti, kanibusu mkono, kaondoka kabla ya adhuhuri.

Nisalimie shemeji, na mkwe wako mpya ambaye sijamwona, na shangazi yetu mpikie uji mzito ajue umetoka kwangu. Ukipata nauli au usipopata, niambie tu kama unaweza kuja. Kitanda cha Rajabu nimekitandika shuka safi, kipo wazi.

Mdogo wako akupendaye,
Mama Rajabu