Kisanduku cha Adelina Kiko Nyakisasa

Marahaba, mwanangu Adelina. Najua shikamoo yako hainifikii tena, ila nimezoea kuiitikia kabla sijakaa.

Nakuandikia nikiwa dukani kwako hapa Kasulo, kwenye kiti chako. Kopi natoa, ulinifundisha. Lakini zile kompyuta zako za zamani na printa hazina mtandao tangu tuondoe matanga. Watoto wa shule wanasimama mlangoni, "Bibi, mtandao umerudi?" Nasema bado. Wanaenda zao.

Ni kile kisanduku, mwanangu. Kile ulichokiweka mwenye nyumba alipokataa ukuta wake utobolewe upitishe waya. Ukaniambia, "Mama, mashine hizi zinajua waya tu. Hiki kinadaka mtandao wa mwenye nyumba hewani, kinazipa kwa waya. Ni kama daraja la Rusumo pale mpakani." Nikakuuliza kama na hapo kuna askari wa kukagua mizigo. Ulicheka mpaka ukashika meza. Jamani, ule mkono kwenye meza.

Sasa siku ya kugawa vitu vyako, shangazi yako alivitandaza vyote kwenye mkeka. Nguo, viatu, mkoba. Kisanduku wakakiona kidogo, cheusi, kina taa, wakasema hicho ni king'amuzi, apewe baba yako mdogo mwenye televisheni. Mimi nilikuwa nimejifunika kanga usoni, sikuona. Na kwetu unajua, kitu cha marehemu kikishapokelewa hakiombwi tena.

Fundi anasema kikirudi ni kuchomeka tu, namba ya siri ya mtandao kinayo tayari. Nikinunua kipya, lazima mwenye nyumba atoe namba ya siri, na mwenye nyumba siku hizi ananiangalia vibaya. "Mama Adelina, chumba bado unakihitaji?" Akijua mashine zimelala, chumba kimeenda. Na nikitoka humu, nitakusikia wapi?

Nikapanda pikipiki mpaka Nyakisasa kwa baba yako mdogo, njia nzima napanga maneno. Naingia, kisanduku kipo juu ya televisheni, kimetandikiwa kitambaa cha kufuma. Taa inawaka, inazima, inawaka, inazima. Baba yako mdogo akasema, "Shemeji, hakionyeshi chaneli hata moja. Ila nakiwasha kila jioni. Naona kama Adelina kaja kunisalimia."

Nikanywa chai yake. Nikaaga, nikarudi bila kuomba. Ile taa, mwanangu, inatafuta mtandao wa hapa dukani, ndiyo maana inakonyeza. Haijui iko Nyakisasa. Na mimi nimekaa dukani naitafuta yenyewe. Nikiomba, namzimia mzee wa watu taa yake. Nisipoomba, nafunga mlango wako kwa mkono wangu. Nalala nalo, naamka nalo.

Jumapili baada ya misa narudi kwake. Nimeishusha ukutani picha yako ya gauni la kitenge. Ni hiyo hiyo moja, unajua. Nitaiweka mwenyewe juu ya kile kitambaa chake, halafu nitanyoosha mkono. Akikataa... akikataa sijui. Lakini nitaomba, nakuahidi.

Lala, mama. Kiti chako nimekifuta. Siku taa ile ikitulia bila kukonyeza, ujue imefika nyumbani, na mama yako amekuitikia.