Mkono Wangu Kwenye Picha ya Bosi

Ligaya, uko hewani? Ptuu! Nimeona kinyaa leo, sijui nitapike wapi.

Si ilikuwa sherehe ya lugha yetu ofisini? Bosi Evaristo kavaa barong, lile shati lake la asili lililodariziwa, anapaza sauti: "Sisi Wafilipino tunajivunia kula kwa mkono!" Meza nzima majani ya mgomba, wali, na samaki wakavu aliowakaanga mama yangu.

Mimi nikanawa, nikamega tonge, nikala. Wote wakanikodolea macho!

Bosi akaninong'oneza: "We Amihan, vipi? Hicho ni cha picha tu. Chakula kiko ndani, na vijiko vipo."

Cha picha tu! Ligaya, CHA PICHA TU!

Halafu akaziba pua: "Na hao samaki waondoe, wageni watatuona washamba."

Samaki wa mama! Kaamka alfajiri kuwakaanga, kwa furaha, ati mwanangu ana sherehe. Nikawabeba, nikaondoka bila kuaga.

Sasa fungua ukurasa wa ofisi. Picha ya kwanza kabisa ni mkono umeshika tonge na samaki. Bosi kaandika: "Fahari Yetu".

Itazame pete, shoga. Si ile uliyonipa wewe?

Uso wangu kaukata.