Baiskeli ya Kupanda Newala

Jumapili, 13 Julai

Lisekese na kurudi, kabla ya uji. Mchanga wa kiangazi umelegea, ukikaza usukani unaanguka. Nimelegeza mikono, nimekanyaga taratibu, nimepita. Mwaka jana hapo hapo nilikuwa naburuta baiskeli kama mbuzi aliyegoma. Leo sikushuka. Nimecheka peke yangu hadi dereva wa bodaboda akanitazama mara mbili.

Lakini baiskeli yenyewe imenichosha. Chuma kitupu, haina gia, ilikuwa ya kubebea magunia ya korosho enzi za baba. Mimi nimeendelea, yenyewe imebaki pale pale.

Habari kubwa: Mama Deo, kapteni wa kundi letu la baiskeli, katangaza kwamba nafasi moja imebaki kwenye timu ya kwenda mashindano ya Mtwara. Jaribio Jumapili ya tarehe 27, Masasi hadi Newala kwa njia ya zamani. Atakayeshuka na kusukuma mlimani amejitoa. Tunaoitaka ni wawili: mimi na Hamisi wa Chilangala, mtoto wa mjomba wangu. Naitaka kuliko kitu chochote.

Jumatano, 16 Julai

Nimeshona mfuko wa shati mgongoni. Mteja kanuna. Kichwani baiskeli tupu.

Natafuta moja ya kila mahali. Mchanga wa huku, changarawe, mawe ya mlimani, lami ya Mtwara. Siwezi kununua tatu. Kikoba kimenipa mkopo, baiskeli ya zamani nimeshaiuza kwa jirani. Nachagua mara moja tu.

Jumamosi, 19 Julai

Nimenunua!

Duka la mitumba lilikuwa na tatu za maana. Moja nyembamba, tairi kama kamba, ya lami tu. Hiyo niliipita. Ya pili ya kawaida, tairi za wastani, shokapu mbele tu, rangi ya kijivu isiyo na mvuto. Ya tatu, Mungu wangu. Nyekundu. Tairi nene, shokapu mbele na nyuma, ukiikalia inabonyea kama kochi.

Hamisi naye alikuwepo. Anazinyanyua moja moja, anazungusha pedali, anahesabu meno ya gia, anamchosha muuzaji kwa maswali. Kisha kachukua ile ya kijivu. Nikaona ajabu.

Mimi niliangalia tairi. Sisi wa Masasi ndivyo tulivyo, mtu akisema safari tunawaza mchanga. Dukani kila mtu alinisifia zile tairi, na mimi nikavimba kichwa. Hamisi pekee hakusifu.

"Hiyo ya kushukia, Mama Rehema," alisema. "Kupanda utabebwa na nani?"

Ni binamu, kwa hiyo ni mtani. Huwezi kujua lini anasema kweli. Nikamjibu kwamba wivu utamuua kabla ya mlima.

Jumapili, 20 Julai

Lisekese tena. Sikuendesha, nilielea! Mchanga haukunishika hata kidogo. Mizizi ya mikorosho, makorongo, mawe, yote naruka. Kwenye mteremko nilipiga kelele. Watu waliokuwa wanapulizia mikorosho yao salfa, ile dawa ya unga wa njano, waliacha kazi kunitazama. Nimerudi na vumbi la njano hadi kwenye nyusi. Sijawahi kupenda kitu cha chuma namna hii.

Nafasi ni yangu.

Jumanne, 22 Julai

Sio yangu.

Leo nimefunga cherehani mapema, nikaenda kuujaribu mlima wenyewe, pale njia inapoanza kupanda kwenda Newala. Kila nikikanyaga, shokapu ya nyuma inabonyea. Nguvu zangu zote zinaishia kwenye springi. Halafu uzito. Sikuwa nimeinyanyua dukani hata mara moja. Gia nyepesi kuliko zote, na bado miguu inawaka. Kona ya kwanza nilishuka. Nikasukuma.

Ndipo akatokea Hamisi, anarudi kwao Chilangala. Ameketi, anakanyaga polepole, kijivu chake kinapanda bila haraka. Akanicheka hadi akakaribia kuanguka. Akapita.

Nimemwendea muuzaji nibadilishe. Hataki. Nina hasira na yeye, na Hamisi, na wote waliosifu tairi. Zaidi na mimi. Nilinunua kwa macho.

Alhamisi, 24 Julai

Nimebana shokapu, nimejaza upepo zaidi. Nafuu kidogo. Haitoshi. Rehema, binti yangu, kaniuliza kama nitavaa sare ya timu. Nikamwambia ale.

Jumapili, 27 Julai

Naandika nikiwa Chilangala, kwa mjomba. Miguu haina habari na mimi. Lazima niandike kabla sijalala.

Asubuhi tulikusanyika Masasi. Nimempa Mama Deo shikamoo. Tukajipanga. Nikainama kukaza kamba za viatu. Kuinuka, Hamisi yuko juu ya nyekundu yangu, ameshakimbia nayo, anaimba! Watu wakaangua kicheko. Utani. Binamu akikunyakulia kitu mbele za watu huruhusiwi kununa, ukinuna aibu ni yako. Nilimtazama Mama Deo aingilie kati. Naye anacheka. Kapuliza filimbi.

Kilichobaki kimesimama pale ni kijivu. Nikakipanda kwa hasira.

Mchangani hakikuelea. Kilizama kidogo, nikalegeza mikono kama nilivyozoea, kikapita. Kwenye changarawe kilitulia. Kisha mlima. Nikashusha gia, nikakanyaga, na nguvu yangu ikaenda moja kwa moja kwenye gurudumu. Kila tone. Kona ya kwanza. Ya pili. Jasho machoni. Nilikuwa nasema na baiskeli kwa Kimakonde, na sijui niliiambia nini. Mara upepo wa baridi ukanipiga usoni. Upepo wa Newala. Nimefika juu nimeketi!

Nimekumbatia watu nisiowajua. Mama Deo kanivika sare ya timu papo hapo, juu ya jasho.

Hamisi kafika baadaye sana, anasukuma nyekundu, analalamika kwa sauti ili watu wacheke. Wakacheka. Nami nikacheka. Kisha alipoinama kunywa maji nikaona uso wake akidhani hakuna anayemtazama.

Naye aliitaka ile nafasi.

Jumatatu, 28 Julai

Ukungu asubuhi. Nimeamka na maneno tayari, niliyapanga kitandani.

Nilimkuta shambani, mashine ya salfa mgongoni, kope za njano. Nikasimama. Kwetu mtani hashukuriwi. Ukimshukuru, umemfanya mgeni.

"Una miguu ya kuku," nikamwambia.

Alizima mashine.

"Hiyo ya kijivu nenda nayo Mtwara," alisema. "Hii yako nimeizoea, inanifaa kwa kushuka."

Kisha akawasha mashine tena. Nikamshikia mfuko wa salfa, tukaendelea na mikorosho iliyobaki hadi upepo ulipoanza kugeuka na kuturudishia salfa usoni.