Nilimkubali Mchumba kwa Sauti ya Roboti

Mpendwa Bi Thelma,

Nisaidie mama yangu, nimekwama. Napiga sinthesaiza, kile kinanda cha umeme, kwenye bendi hapa Akron, Ohio, tunavaa makoti ya kijivu na miwani myeusi, na sheria yetu jukwaani ni kwamba hakuna kutabasamu, sisi ni mashine, hata kuongea naongea kupitia kifaa kinachogeuza sauti ya mtu iwe ya roboti, sasa Jumamosi ukumbi umejaa, mpiga dramu wetu Lonnie, mpenzi wangu tangu shuleni, ambaye mchana anafanya kazi kiwanda cha matairi, akaacha kupiga katikati ya wimbo, akavua miwani, akapiga goti mbele ya kinanda changu akasema, "Darlene, utakubali nikuoe?" nami moyo unanidunda kwa furaha, lakini nikakumbuka sheria, nikakaza uso, nikajibu kwa kile kifaa: "N-DI-YO. OM-BI. LI-ME-PO-KE-LE-WA."

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, wakidhani ni sehemu ya onyesho, na Lonnie akaona namfanyia mzaha, akamaliza wimbo akaondoka, na mpaka leo hapokei simu zangu. Mama yangu mzazi ananiambia, "Mtoto wa watu amepiga goti, wewe unamjibu kama friji?" Kiongozi wetu Dwight yeye amefurahi, anataka turudie kila onyesho. Nampenda Lonnie, naogopa nimeshampoteza. Nifanyeje bila kuvunja sheria ya bendi?

Darlene

Darlene mwanangu,

Pole, ila ngoja kwanza nicheke. Haya, nimemaliza.

Hilo swali lako la mwisho ndilo lililoniudhi. Mwenzio aliivunja sheria hiyo hiyo kwa ajili yako, mbele ya ukumbi mzima, wewe ukaona afadhali aaibike yeye kuliko Dwight anune. Na huyo Dwight mwambie atafute kichekesho kingine, uchumba wa watu auache.

Lonnie ameumia kwa sababu hajui nani alimjibu, wewe au chombo. Kwa hiyo achana na simu, nayo ni chombo. Leo akitoka kazini kiwanda cha matairi, akukute getini. Vaa gauni. Usianze kumweleza habari za sheria na maikrofoni, mwambie ndiyo, basi. Kama utalia, lia. Sauti ikikatika, iache ikatike, ndivyo atakavyojua ni wewe.

Bi Thelma